Kima Punju na Wenzake: Historia ya Kuainisha na Kutaja Viumbe katika Kisiwa cha Unguja



1. Utangulizi

Mada ya mhadhara huu ni majina ya viumbe. Sisi wanaisimu tumezoea kuliangalia jina kama neno: tunauliza limeundwaje, limetoka lugha gani, liko katika ngeli ipi. Wanabiolojia huliangalia kwa jicho jingine. Kwao jina la kiumbe ni jambo la sheria. Lina mtoaji wake, lina mwaka wake wa kutolewa, na lina kielelezo chake kilichohifadhiwa mahali maalumu. Jina lisilotimiza masharti hayo huhesabiwa kuwa halipo, hata kama watu laki moja wanalitumia kila siku.

Katika kisiwa cha Unguja taratibu hizi mbili, ya wenyeji na ya maabara, zimekutana kwa zaidi ya miaka 150. Nitajaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba kila utaratibu una mantiki yake, na mmoja si upungufu wa mwingine. Pili, kwamba mkutano wao haukuwa wa usawa, na alama za kutokuwa sawa huko bado zinasomeka ndani ya majina yenyewe. Tatu, kwamba kazi ya kurekebisha hali hiyo imo mikononi mwetu sisi watu wa lugha kuliko tunavyodhani.

2. Utaratibu wa wanabiolojia

Yafaa tutofautishe mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Kuainisha ni kupanga viumbe katika makundi; kutaja ni kuyapa makundi hayo majina. Mwanabotania wa Uswidi, Carl Linnaeus, alishughulikia yote mawili. Kitabu chake cha mimea cha mwaka 1753, pamoja na chapa ya kumi ya Systema Naturae ya mwaka 1758, ndivyo vilivyokubaliwa na wanasayansi kuwa mwanzo rasmi wa majina ya mimea na ya wanyama. Tangu hapo kila spishi hutajwa kwa maneno mawili: la kwanza ni la jenasi, la pili ni la spishi yenyewe. Juu ya jenasi ipo familia, kisha oda, kisha ngeli, kisha faila.

Mtaona kwamba wanabiolojia wanaoandika kwa Kiswahili wameliazima neno letu ngeli ili kuitaja ngazi iliyo kati ya oda na faila. Uazimaji huo haukukosea. Ngeli za nomino nazo ni namna ya kuainisha dunia, na Kiswahili kimekuwa kikipanga viumbe kwa viambishi kabla ya Linnaeus kuzaliwa. Mti huanza kwa m- na tunda lake huvua kiambishi hicho: mnazi na nazi, mwembe na embe, mkarafuu na karafuu. Mnyama, jina lake liwe na umbo lolote, hupatanishwa kwa a- na wa-: kifaru anakuja, kipepeo anaruka, kima wanakula. Sarufi hapa inaangalia uhai na kuliacha kando umbo la neno.

Utaratibu wa kisayansi una nguzo mbili za kisheria. Ya kwanza ni kutangulia: jina lililochapishwa mwanzo kwa mujibu wa kanuni ndilo lenye haki. Ya pili ni kielelezo cha msingi, yaani ngozi, fuvu, mfupa au tawi lililokaushwa, ambalo jina limefungwa nalo daima. Mtu akitaka kujua jina fulani linamhusu mnyama gani hasa, hurejea kwenye kielelezo hicho. Ni utaratibu madhubuti, kwani unamwezesha mtu wa Tokyo na mtu wa Nairobi kuwa na hakika kwamba wanazungumza juu ya kitu kimoja.

Hata hivyo, uthabiti wa majina hayo una mipaka yake. Mfano ulio karibu nasi ni mkarafuu, mti uliotajirisha na kutesa visiwa hivi tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19. Linnaeus aliuita Caryophyllus aromaticus. Baadaye vitabu vingi viliuita Eugenia caryophyllata. Mwaka 1939 Merrill na Perry waliuhamishia katika jenasi nyingine, nao ukawa Syzygium aromaticum, jina unalolibeba mpaka leo. Majina hayo yote yalipokuwa yakipokezana, mkulima wa Unguja aliendelea kusema mkarafuu. Neno lake limetokana na Kiarabu, qaranful, ambalo linafanana mno na lile neno la Kiyunani lililo ndani ya jina la kwanza la Linnaeus. Jina waliloliacha wataalamu lina ndugu yake anayeishi bado sokoni Darajani.

3. Vielelezo vilivyosafiri

Mwaka 1866 daktari wa Kiskochi, John Kirk, aliwasili Zanzibar kuitumikia Serikali ya Uingereza. Alikuwa amekwisha kusafiri na David Livingstone katika bonde la Zambezi, na baadaye akawa konseli mwenye nguvu kubwa mbele ya Sultani. Kirk alikuwa pia mpenzi wa mimea na wanyama, naye alipeleka vielelezo vingi Uingereza. Miongoni mwavyo alikuwamo kima mwekundu wa misitu ya Unguja. Mwaka 1868 John Edward Gray, wa Makumbusho ya Uingereza, London, alimwelezea kima huyo na kumwita Colobus kirkii, yaani kolobasi wa Kirk.

Katika miaka hiyohiyo Playfair, aliyekuwa konseli wa Uingereza hapa, na Günther, mtaalamu wa samaki wa Makumbusho ya Uingereza, walichapisha kitabu kikubwa juu ya samaki wa Zanzibar. Katika karne ya 20 zamu ilikuwa ya Dakta Mansfield-Aders, mwanabiolojia wa Serikali ya Zanzibar. Paa nunga alipata jina la kisayansi mwaka 1918 kutoka kwa Oldfield Thomas: Cephalophus adersi. Chui wa Unguja alipata lake mwaka 1932 kutoka kwa Pocock: Panthera pardus adersi. Mtu mmoja akapewa paa na chui.

Simlaumu Aders, wala Kirk. Kumtukuza aliyeleta kielelezo ilikuwa ada ya wakati ule, na bado ni ada. Ila mwanafunzi wa historia hana budi kuuliza ni nani asiyeonekana katika majina haya. Kielelezo hakikujileta chenyewe bandarini. Aliyejua paa nunga hulala wapi, aliyejua kwamba huyu si paa yule mdogo wa kawaida, ni msasi wa Unguja. Kabla mtaalamu wa London hajaona tofauti ya mafuvu, tofauti hiyo ilikwisha onwa, ikatajwa, na ikapewa jina la maneno mawili: paa, na nunga. Maarifa yalisafiri pamoja na ngozi. Jina likabaki nyumbani.

Hali hii haikuishia zama za ukoloni. Mwaka 1998 Van Rompaey na Colyn walitangaza nususpishi mpya ya kanu kutoka Unguja, Genetta servalina archeri. Kwa sayansi alikuwa mgeni kabisa. Kwa wawindaji wa kisiwa hiki alikuwa uchui, mnyama mwenye madoa anayejulikana kwa jina lake. Ninaliona neno hilo kuwa na thamani kubwa kwa mwanaisimu: kiambishi u- kinamleta msikilizaji karibu na chui bila ya kumwambia kwamba huyu ni chui.

4. Mantiki ya wenyeji

Wapo wanaodhani kwamba majina ya kienyeji ni lakabu tu zisizo na mpango. Ushahidi unakataa. Chukueni samaki. Mvuvi wa Nungwi au wa Kizimkazi ana changu, ambalo ni jina la kundi, na ndani yake ana changu doa, mwenye baka jeusi ubavuni. Mwanabiolojia ana Lethrinus, ambalo ni jina la jenasi, na ndani yake ana Lethrinus harak, ambaye ni samaki yuleyule. Miundo miwili hii ni sawasawa: nomino ya jumla inafuatwa na kibainishi. Kiswahili hakikuufunzwa muundo huo na Linnaeus. Kima punju, paa nunga na kasa ng'amba ni mifano mingine ya njia hiyohiyo.

Neno harak lenyewe lina historia ya kutuzindua. Limetoka katika Kiarabu cha wavuvi wa Bahari ya Sham. Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, alisafiri Misri na Yemen, akafa huko Yemen mwaka 1763, na maandiko yake yakachapishwa na msafiri mwenzake Carsten Niebuhr mwaka 1775. Forsskål aliwauliza wavuvi majina, na mengi akayaingiza katika majina ya kisayansi kama alivyoyasikia. Jenasi ya Siganus, ambayo ndiyo ya tasi wetu, ina asili ya Kiarabu. Kadhalika Lutjanus bohar. Kwa hiyo desturi ya kuyapokea majina ya wenyeji ilikuwapo tangu mwanzo wa taaluma hii. Waliokuja Zanzibar karne moja baadaye wangeweza kuifuata. Hawakuifuata.

Ni kweli kwamba mifumo miwili hii haigawi bahari kwa kisu kimoja. Papa upanga, kwa mwanabiolojia, si papa; ni jamaa ya taa, kwa sababu matamvua yake yako chini ya mwili. Nyangumi hakuwa mamalia hata kwa Linnaeus mpaka ilipotoka chapa ya mwaka 1758. Kabla yake alikuwa miongoni mwa samaki, kama anavyosemwa bado katika mazungumzo ya pwani. Tofauti hizi hazitokani na ujinga. Mwanabiolojia anauliza, "Huyu ana nasaba na nani?" Mvuvi anauliza, "Huyu anaishi wapi, anavuliwaje, ana umbo gani, ananidhuru au ananilisha?" Maswali yakitofautiana, majibu nayo hutofautiana.

Turudi kwa kima punju. Jina Colobus limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kukatwa, kwa kuwa wanyama hawa wana kidole gumba kilichofifia kabisa. Jina la Kiunguja linasema jambo jingine: punju ni sumu. Watu wa mashamba walimwita hivyo kwa harufu yake kali na kwa imani kwamba mti anaoula hatimaye hufa. Jina moja linaeleza mkono wake, jina la pili linaeleza uhusiano wake na miti na watu. Mwaka 1997 ulichapishwa utafiti juu ya tabia ya kima hawa ya kula mkaa. Watafiti walieleza kwamba majani ya mwembe na mkungu wanayoyala karibu na makaazi ya watu yana kemikali zenye madhara, na mkaa huzinasa kemikali hizo tumboni. Sisemi kwamba waliotoa jina la punju walikuwa na maabara. Nasema kwamba kima huyu na sumu walikwisha wekwa pamoja katika jina moja muda mrefu kabla ya uhusiano wa namna nyingine kugunduliwa na sayansi.

Na jina la kisayansi nalo halikutulia. Kima huyu amekuwa spishi kamili, kisha nususpishi tu ya kima wekundu wa bara, kisha spishi tena. Amepita katika Colobus na Procolobus hata kufika Piliocolobus kirkii. Tusidhani mabadiliko hayo ni mchezo wa maneno. Kiumbe anapoitwa spishi ya asili ya Unguja peke yake, uzito wa kumhifadhi hubadilika. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilianzishwa mwaka 2004, na kima punju ndiye mashuhuri wake. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 ilikisia idadi yao kuwa zaidi ya 5,800.

5. Chui: pale uainishaji unapoua

Mfano mzito kuliko yote ni wa chui. Kwa wanabiolojia chui wa Unguja alikuwa nususpishi tangu mwaka 1932. Mwaka 1996 uchunguzi wa vinasaba ulipendekeza chui wote wa Afrika wawekwe katika nususpishi moja, na mwaka 2017 wataalamu wa paka wa Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi, IUCN, waliufuata mwelekeo huo. Hivyo chui wetu, baada ya kutoweka au kukaribia kutoweka, alitoweka mara ya pili katika orodha.

Wenyeji walikuwa na uainishaji wao. Walitofautisha konge na kisutu kwa ukubwa na rangi. Kisutu, kama mjuavyo, ni pia jina la kanga ya arusi yenye madoa na miraba. Lakini juu ya mgawanyo huo ulikuwapo mwingine ulioangalia mwenyewe badala ya ngozi: chui wa mwitu na chui wa kufugwa. Iliaminika kwamba wachawi huwafuga chui na kuwatuma wawadhuru jirani zao. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ilifanyika kampeni ya kupambana na uchawi na kuwaua chui, iliyojulikana kwa jina la Kitanzi, mganga aliyeiongoza. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 wataalamu wengi walikwisha kata tamaa ya kumwona chui wa Unguja akiwa hai. Picha za kamera iliyotegeshwa, zilizoonyeshwa katika televisheni mwaka 2018, ziliamsha matumaini bila ya kumaliza ubishi.

Nimelileta jambo hili makusudi, ili tusije tukayapamba maarifa ya wenyeji kupita kiasi. Uainishaji wa wenyeji ulimjua chui kwa undani, na uainishaji huohuo ulimhukumu. Anayetaka kumhifadhi mnyama yeyote hapa hana budi kujua amewekwa fungu gani katika vichwa vya watu. Fungu hilo halimo katika Kilatini. Limo katika Kiswahili, na khasa katika lahaja za shamba.

6. Wajibu wa wanakamusi

Mwaka 1928 Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Kilichochaguliwa kilikuwa zaidi lugha ya mji, lugha ya Mji Mkongwe na bandari yake. Majina ya msituni na ya mwambani yalikuwa mashamba, kwa wasemaji wa Kimakunduchi na Kitumbatu. Matokeo yake tunayaona katika kamusi zetu nyingi za lugha moja, ambamo msomaji hukutana mara kwa mara na fasili ya "aina ya samaki", "aina ya mti", "aina ya ndege". Fasili ya namna hiyo haimwambii mtu lolote. Samaki ishirini wanaotofautishwa na mtoto wa mvuvi huwa kitu kimoja mbele ya mwanafunzi wa chuo kikuu.

Haikulazimu kuwa hivyo. Padri Charles Sacleux, aliyefika Zanzibar mwaka 1879, alikuwa mwanaisimu na mwanabotania kwa wakati mmoja. Alikusanya mimea kwa ajili ya makumbusho ya Paris, na katika kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1939, aliyaweka majina ya lahaja mbalimbali pamoja na majina ya kisayansi ya mimea na wanyama. Hapa Zanzibar kwenyewe, R. O. Williams alichapisha mwaka 1949 kitabu cha mimea yenye manufaa na mapambo ya Unguja na Pemba, na hicho nacho hakiyapuuzi majina ya Kiswahili. Katika miaka ya karibuni Baraza la Kiswahili la Zanzibar limechapisha kamusi za Kimakunduchi, Kitumbatu na Kipemba. Njia imekwisha fyekwa, inahitaji wapitaji.

7. Kiswahili ndani ya Kilatini

Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinaruhusu jina kutoka lugha yoyote, almuradi liandikwe kwa herufi za Kilatini. Okapi wa Kongo alipata mwaka 1901 jina la jenasi, Okapia, kutoka kwa watu wa msitu wake, na jina la spishi, johnstoni, kutoka kwa Harry Johnston, mtawala wa Kiingereza wa Uganda. Mwaka 2005 tumbili wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania alitambulishwa kwa jina la wenyeji wake, kipunji.

Tangu hapo Kiswahili chenyewe kimeingia katika majina ya visukuku. Mwaka 2010 alitangazwa Asilisaurus kongwe. Mwaka 2017, Shingopana songwensis. Mwaka 2019, Mnyamawamtuka moyowamkia, wote watatu kutoka Tanzania. Mwaka huohuo wa 2019 mnyama mla nyama wa Kenya wa miaka milioni 22 hivi iliyopita aliitwa Simbakubwa kutokaafrika. Mwanafunzi wa sarufi ataona kwamba mnyama wa Mtuka na moyo wa mkia vimepatanishwa barabara, ilhali simba amenyang'anywa m- yake, kwani ilipasa awe simba mkubwa. Wanabiolojia wangenufaika kuwa na mwanaisimu karibu.

Lakini tazameni kinaya kilichopo. Viumbe hawa waliopewa majina ya Kiswahili walikufa mamilioni ya miaka kabla ya msemaji wa kwanza wa Kiswahili. Wale walioishi naye, waliokula maembe yake na kuuawa kwa mitego yake, wamebaki na majina ya Kirk na Aders. Kwa kanuni ya kutangulia hawatabadilishiwa, na sioni faida ya kudai wabadilishiwe.

8. Hitimisho

Tunachoweza kudai ni kingine, nacho hakihitaji ruhusa ya kamati yoyote ya kimataifa. Kila jina la kiumbe linalotumiwa Unguja na Tumbatu liandikwe pamoja na mahali lilipotajwa, lahaja yake, sifa ambazo msemaji mwenyewe huzitumia kumtambua kiumbe huyo, na jina la kisayansi lililothibitishwa na mtaalamu. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mwanaisimu peke yake, kwa kuwa hajui kuhesabu miiba ya pezi. Wala haiwezi kufanywa na mwanabiolojia peke yake, kwa kuwa hajui kusikia kwamba uchui si chui mdogo. Wanafunzi mnaotafuta mada za tasnifu, hii hapa mbele yenu, na wazee wanaojua majina hayo wanapungua kila mwaka.

Kanuni ya kutangulia husema kwamba jina la kwanza kuchapishwa ndilo lenye haki. Sheria hiyo imetushinda katika majina ya Kilatini kwa sababu waliotangulia kusema hawakutangulia kuchapisha. Katika kamusi za Kiswahili kalamu tunayo wenyewe.